Walizaliwa huku, wakalelewa kwa barua

UKIABIRI matatu mjini Voi kuelekea Wundanyi, joto la nyika hukuandama hadi Mwatate. Baada ya hapo gari huanza kupanda, kona baada ya kona, na mkifika Josa wale abiria waliokuwa wakijipepea kwa magazeti huanza kufunga madirisha. Ole wako ukiteremka Wundanyi jioni ya Desemba bila sweta!

Ni katika safari kama hiyo, tulipokwenda kwa wakwe zangu kula Krismasi, ambapo binti yetu wa miaka tisa aliuliza swali lililonikosesha usingizi. Tulikuwa tumetoka kutembea upande wa Mbale. Baba mkwe, ambaye hapiti penye jiwe la kale bila kulisimulia, alikuwa akimweleza mjukuu wake jinsi Wazungu wa misheni walivyofika katika milima hii, wakajenga makanisa, shule na nyumba zao, wakajifunza lugha ya Wataita na kuanza kuiandika. Mtoto akasikiliza kwa makini. Kisha akauliza: "Babu, na watoto wao walikuwa wakicheza na nani?"

Mzee akacheka. Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeandika magazetini na kudhaniwa kujua kila kitu. Sikuwa na jibu.

Swali lenyewe lilikuja wakati mbaya. Ndani ya mkoba wa mama yake mlikuwa na fomu ya shule ya bweni, na fomu hiyo ilikuwa imetugombanisha tangu Novemba. Mama watoto anasema nyumbani kwetu mjini mtoto analelewa na yaya na runinga, kwa kuwa sisi wawili hutoka alfajiri na kurudi usiku; heri akae mahali penye kengele na ratiba. Mimi nasema miaka tisa ni midogo mno. Babu na nyanya walikuwa hawajaambiwa lolote.

Basi tuliporudi mjini nilianza kusoma juu ya watoto hao wa wamishenari. Niliyoyakuta ndiyo ninayokusimulia leo, mpenzi msomaji.

Hewa mbaya

Taita iliingia mapema katika safari za Waprotestanti. Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, yaani CMS, alifika Kasigau mnamo Oktoba 1847. Mwaka uliofuata alipita tena katika nchi ya Wataita akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro, habari ambayo wataalamu wa Ulaya waliicheka kwa miaka mingi. Hata hivyo, kituo chenyewe cha misheni kilisubiri hadi 1883, pale Joseph Alfred Wray alipopanda mlima wa Sagalla, ule unaouona ukiwa Voi. Baadaye kazi hiyo ikaenea kwenye milima ya Dawida, huko Mbale na Wusi.

Kwa nini milimani? Sababu moja ni kwamba ndiko watu walikokuwa wakiishi, kwa usalama na kwa maji. Sababu ya pili ni homa. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, wazungu waliamini kwamba malaria hutokana na hewa mbaya ya mabondeni. Neno lenyewe la Kiitaliano, malaria, maana yake ni hiyo: hewa mbaya. Ni mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, akiwa India, alipogundua vijidudu vya ugonjwa huo ndani ya mbu. Kabla ya hapo mzazi mmishenari alikuwa akikimbia upepo, huku mbu akimwuma mwanawe usiku kucha.

Watoto ndio waliolipa. Johann Ludwig Krapf, yule aliyekuja Mombasa mwaka 1844 na kuwa wa kwanza wa CMS katika pwani yetu, alikuwa ameoa mwanamke aitwaye Rosine. Kabla hawajafika Mombasa walikuwa wamekwisha mpoteza mtoto mmoja njiani, katika nchi za Uhabeshi, aliyezaliwa kabla ya siku zake na kuishi kwa muda mfupi mno. Walimpa jina Eneba, maana yake machozi. Mombasa nako, mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 1844, Rosine alijifungua mtoto wa kike. Mama na mtoto wakashikwa na homa, wakafariki kwa kufuatana katika siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hana nguvu. Walizikwa upande wa bara wa Mombasa, na kaburi hilo bado lipo Nyali. Maelfu ya watu hupita karibu na hapo kila siku wakienda ufukoni na madukani bila kujua ni nani amelala pale.

Rebmann naye alikaa miaka 29 bila kurudi kwao, mingi katika hiyo akiwa Rabai. Alioa mjane Mwingereza, Emma, mwaka 1851. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Emma mwenyewe akafariki mwaka 1866, na mume akaendelea na kamusi zake hadi macho yakampofuka. Huko Ribe, kwenye misheni ya Wamethodisti, Rebecca Wakefield alifariki mwaka 1873 muda mfupi baada ya kujifungua.

Nayataja haya kwa sababu tumezoea kumwona mmishenari kama mtu mmoja mwenye ndevu, kofia na Biblia. Ni nadra kumwona akiwa baba anayechimba kaburi fupi. Si kwamba kumwona hivyo kunafuta makosa ya wakati wake, la. Lakini kunaeleza uamuzi uliofuata, ambao kwetu leo unaonekana wa ajabu.

Miaka sita tu

Uamuzi wenyewe ulikuwa huu: mtoto akifika umri wa miaka sita au saba, apelekwe Uingereza, akaachwe huko.

CMS ilikuwa imefungua makao ya watoto wa wamishenari wake jijini London mwaka 1850. Baadaye makao hayo yalihamishiwa Limpsfield, katika jimbo la Surrey, mwaka 1887. Madhehebu mengine nayo yalikuwa na ya kwao. Huko Walthamstow kulianzishwa shule ya mabinti wa wamishenari mwaka 1838 na ya wavulana mwaka 1842. Ile ya wavulana ndiyo baadaye ikawa Eltham College. Msomaji atambue kwamba hizi hazikuwa shule za matajiri. Mshahara wa mmishenari ulikuwa mdogo, na shirika lilibeba gharama kwa kuwa lilijua bila makao hayo wazazi wangeacha kazi.

Hebu fikiria safari yenyewe. Familia inatoka kituoni kwa miguu na wapagazi, inavuka nyika ya Taru isiyo na maji hadi pwani. Ni mwishoni mwa karne ya 19 tu ndipo reli ilipopita Voi. Mombasa wanapanda meli. Majuma kadhaa baharini kupitia Suez. Uingereza mtoto anashikwa mkono na mama asiyemjua, anaonyeshwa kitanda katika chumba cha vitanda vingi. Baba na mama wanakaa naye likizo yao, kisha wanarudi Afrika. Watakapoonana tena ni baada ya miaka minne, mitano, pengine saba.

Kati ya hapo ni barua. Barua iliyoandikwa Taita wakati wa mvua ya masika ilifika Uingereza wakati masika yamekwisha, na jibu lake likafika wakati mahindi yanavunwa. Mtoto aliyeandika kwamba jino linamwuma alijibiwa wakati amekwisha sahau ni jino gani. Alikua kwa maandishi. Mama alijua urefu wake kwa inchi zilizotajwa kwenye karatasi.

Si wote waliopona jeraha hilo. Daudi Livingstone, ambaye kila mtoto wa shule Afrika Mashariki amemsikia, alimwoa Mary Moffat, binti wa wamishenari, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1821. Mwaka 1852 Livingstone alimpandisha Mary melini kule Cape Town pamoja na watoto wao wanne, ili yeye akaendelee na safari zake. Waliishi Uingereza kwa shida, wakihamahama. Mtoto wa kwanza, Robert, hakutulia tena. Alikua kijana mkaidi, akaenda Afrika Kusini kumtafuta baba asimpate, akaishia Marekani. Huko alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akitumia jina la uwongo, akatekwa na kufa katika kambi ya wafungwa ya Salisbury, North Carolina, mwaka 1864. Alikuwa na umri wa miaka 18. Livingstone baadaye alikiri kwa maandishi kwamba alijuta kutocheza na wanawe vya kutosha walipokuwa wadogo.

Wengine walishinda, au tuseme walionekana wameshinda. Wapenzi wa riadha wanamjua Eric Liddell, aliyekataa kukimbia mita 100 siku ya Jumapili katika Olimpiki za Paris za 1924, kisha akachukua dhahabu ya mita 400 kwa sekunde 47.6. Huyo alikuwa mtoto wa wamishenari, aliyezaliwa Tianjin, China, mwaka 1902. Mwaka 1908 yeye na kakake waliachwa katika ile shule ya wavulana. Alipomaliza masomo alirudi China kuwa mmishenari kama baba yake. Mwaka 1941, vita vikikaribia, akamsafirisha mkewe mjamzito na binti zao wawili hadi Canada. Alifariki mwezi Februari 1945 katika kambi ya Wajapani. Binti yake wa tatu hakumwona kamwe.

Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikaenda kumtazama binti yetu akilala.

Mvulana wa Kabete

Sasa turudi kwenye lile swali la Mbale: walicheza na nani?

Mtoto wa mmishenari ambaye habari zake tunazijua vizuri kuliko za wote hapa Kenya hakukulia Taita bali Kabete, karibu na Nairobi. Lakini maisha yake yanatuonyesha yale ambayo yangeweza kutokea katika kituo chochote cha CMS. Huyu ni Louis Leakey.

Wazazi wake, Harry na Mary Leakey, walifika Kabete mwaka 1902. Louis alizaliwa hapo tarehe 7 Agosti 1903, kabla ya wakati wake, katika nyumba ya udongo na nyasi. Wenyeji wakaja makundi kwa makundi kumtazama mtoto mweupe. Wazee wa Kikuyu walimtemea mate kidogo, ambayo kwa mila zao ni baraka na ishara ya kwamba hawana nia mbaya. Leakey mwenyewe, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu utoto wake, alisimulia kwa mzaha kwamba kwa sababu hiyo aliogeshwa mara nyingi kuliko mtoto yeyote.

Wazazi walikuwa na kazi za kanisa, zahanati na shule. Aliyewashughulikia watoto alikuwa yaya Mkikuyu aitwaye Mariamu. Kwa sauti yake ndipo Louis alipopata hadithi zake za kwanza, na zilikuwa za Kikikuyu. Mwanamume mwingine, Joshua Muhia, alimfundisha kunasa wanyama na kuwinda kwa kunyemelea. Marafiki zake walikuwa wavulana wa Kikuyu, na kwa lugha yao ndiko alikojifunza kugombana na kupatana.

Vita vya 1914 vilipozuka bahari ikawa ya hatari, na kwa hiyo kijana hakupelekwa Uingereza katika umri ambao wenzake walipelekwa. Naona bahati hiyo ndiyo iliyomtengeneza. Akiwa na miaka kama kumi na mitatu alitiwa jandoni pamoja na rika lake, rika la Mukanda, akapewa jina Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Kama wenzake wa rika, alijijengea nyumba yake mwenyewe, akawa analala huko. Ni wakati huo huo alipoanza kuokota vipande vya mawe meusi yenye makali barabarani na mashambani, akiwa amesoma kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale. Wazungu wakubwa walimcheka. Vilikuwa zana za mawe kweli, na kutokana na mkusanyiko huo wa mtoto ndipo ilipoanza kazi iliyomfikisha Olduvai.

Vita vilipokwisha akapelekwa Uingereza, kwenye shule ya Weymouth. Hapo ndipo mambo yalipomgeuka. Alikuwa na umri wa miaka 16, mwenye nyumba yake kwao, mtu mzima kwa hesabu ya rika lake. Sasa akatakiwa kuomba ruhusa kwenda mjini. Kriketi haijui. Utani wa wenzake hauelewi. Ngozi ilikuwa yao, lakini yeye alikuwa mgeni kuliko wageni.

Kuna kisa kimoja cha Cambridge ambacho kingefaa kusomwa katika kila shule yetu inayowaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha ya mama. Chuo kilimtaka mwanafunzi awe na lugha mbili za kisasa. Leakey akatoa Kifaransa na Kikikuyu. Wakuu walitaka cheti cha kuthibitisha kwamba anaijua lugha hiyo, na cheti kikatoka kwa Chifu Koinange, kikiwa na alama ya kidole gumba. Walipomtafuta mtu wa kumfundisha, mwalimu aliyepatikana alijua Kikikuyu kidogo kuliko mwanafunzi, ikabidi mwanafunzi amfundishe mwalimu. Hadi uzeeni Leakey alisema kwamba ndoto zake huota kwa Kikikuyu.

Binti yangu mimi, mjukuu wa Wataita upande wa mama, humwamkia nyanya yake kwa Kiswahili na kuomba maji kwa Kiingereza. Hilo nalisema kwa aibu.

Wawili mahakamani

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba nasimulia ngano ya mtoto aliyependwa na wote wakaishi raha mustarehe. Utoto huo ulikuwa ndani ya ukoloni, na ukoloni haukuwa ukicheza.

Wakati Louis alipokuwa akitoroka masomo ya nyumbani kwenda kwa wenzake wa rika, mvulana mwingine, Kamau wa Ngengi, alikuwa akifanya safari ya upande wa pili. Mwaka 1909 aliingia misheni ya Waskoti ya Thogoto, si mbali na Kabete, akatibiwa na kulala huko na kusoma, na mwaka 1914 akabatizwa Johnstone. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Yeye pia, ukipenda, ni mtoto wa misheni. Na yeye pia alikuwa mwanafunzi wa bweni. Mara nyingi tunasahau kwamba misheni haikuwatenganisha watoto wa Kizungu peke yao na wazazi wao. Mvulana wa Kiafrika aliyetaka kusoma mara nyingi ilimbidi alale kituoni, mbali na jiko la mama yake, na akirudi nyumbani alikuwa na jina jipya na kaptura, na babu yake akamtazama kwa jicho la shaka.

Wavulana hawa wawili walikutana Kapenguria. Kesi ya Kenyatta na wenzake watano ilipoanza mwishoni mwa 1952, serikali ilihitaji mkalimani wa Kikikuyu. Ikamleta Leakey. Ile lugha aliyofundishwa na Mariamu, lugha ya mitego na michezo ya utotoni, sasa ilikuwa ikitumika mbele ya hakimu kuwapeleka wana wa nchi kifungoni. Wakili wa utetezi, D. N. Pritt, alimpinga vikali, akidai kwamba ana upendeleo, na Leakey akaondoka. Hukumu ilitolewa Aprili 1953. Wakenya wengi hawakumsamehe Leakey kwa zamu hiyo, wala sioni ajabu. Yeye alijiona Mkikuyu. Waliomwona kizimbani walimwona mtu wa serikali.

Nilifikiri sana juu ya jambo hili. Mtoto anaweza kupewa lugha, jina, rika na hata baraka za mate ya wazee, na bado siku ya mwisho akaulizwa: wewe ni wa nani? Wanasoshiolojia wa Marekani, Ruth na John Useem, walipochunguza familia za Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi India katika miaka ya 1950, walianza kuwazungumzia watoto wa utamaduni wa tatu: si wa kwao wazazi, si wa nchi walikokulia, bali wa mahali pa katikati. Watoto hao, wataalamu wanasema, huzoea watu upesi na huagana upesi. Swali linalowatesa kuliko yote ni lile jepesi kabisa: "Kwenu ni wapi?"

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Alizikwa Limuru, katika kanisa la All Saints, karibu na wazazi wake. Labda hilo ndilo jibu alilotoa.

Na Mariamu?

Kuna mtu mmoja katika hadithi hii ambaye siwezi kumpita. Yaya.

Neno lenyewe limesafiri: Wareno walisema aia, India wakasema aya, na sisi tukapata yaya. Kila kituo cha misheni, na kila nyumba ya ofisa na mlowezi, kilikuwa na mwanamke wa hivyo au kijana wa kuangalia watoto. Vitabu vya kumbukumbu vya Wazungu waliokulia Afrika vimejaa mapenzi kwao. Lakini vitabu hivyo huwataja kwa jina moja tu. Mariamu. Basi. Wakati Mariamu akimwimbia Louis, watoto wa akina Mariamu wa nchi nzima walikuwa wakiimbiwa na nani? Hilo mama mkwe wangu ndiye aliyeniuliza, usiku wa Krismasi, tukiwa tumeshiba kimanga, nilipomrudia habari za swali la mjukuu wake. Alisema anajua kwa sababu wanawake wa milima hii wameteremka siku zote, wengine mashamba ya mkonge ya Mwatate, wengine Mombasa kulea. Watoto walibaki juu, kwa nyanya.

Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa yaya wetu wa mjini ana watoto wawili, nao wako kijijini kwa nyanya yao. Mdogo ana miaka mitano. Mama yake humpigia simu Jumapili jioni, na mimi humkatia saa moja ili apate nafasi, nikijiona mwema.

Shule mlimani

Wamishenari wenyewe walikuja kuona kwamba mpango wa kupeleka watoto mbali ulikuwa mzito mno. Charles Hurlburt wa Africa Inland Mission, Mmarekani, alikuwa amekuja Afrika na watoto wake watano. Mwaka 1906 misheni yake ilianzisha Rift Valley Academy huko Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ili watoto wasome wakiwa barani humu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuwa Rais wa Marekani na alikuwa huku akiwinda, aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu. Shule hiyo ipo hadi leo.

Ilipunguza umbali, ndiyo. Mtoto aliweza kwenda nyumbani wakati wa likizo badala ya baada ya miaka mitano. Lakini ilileta ukuta mwingine. Mvulana wa umri wa Louis akiwa Kijabe alicheza na watoto wa Kimarekani, akaimba nyimbo za Kimarekani, na Waafrika aliowaona zaidi ni wale waliofagia uwanja. Kwa miaka mingi ya ukoloni watoto weusi hawakuruhusiwa madarasani humo. Kwa hiyo wazazi walichagua: ama mtoto awe karibu na wewe na ajue lugha ya jirani, ama asome na wa rangi yake. Wachache sana waliweza kuyapata yote, na walioweza, kama nilivyosema, wakati mwingine walisaidiwa na vita.

Taita nayo iliendelea kupata wamishenari waliojifunza kuishi na watu. Peter Bostock wa CMS alifanya kazi katika milima hii na kuandika kitabu kidogo kuhusu Wataita, kilichochapishwa mwaka 1950. Sijui mwanafunzi gani wa Wundanyi amekisoma siku hizi. Ni vyema walimu wakitafute. Ndani ya vitabu vya namna hiyo utakuta maelezo ya mazishi, ndoa na mafuvu ya mababu yaliyohifadhiwa mapangoni, kama lile pango la Ngomenyi. Watoto wa Kitaita waliambiwa na wazee wasikaribie mapango hayo kwa heshima, na misheni ikawaambia wasiyakaribie kwa sababu ni ushenzi. Angalau kwa jambo hilo mtoto mweupe na mtoto mweusi walikatazwa sawasawa, na nina hakika wote wawili walichungulia.

Tulipokuwa tukiteremka kurudi Voi, binti yetu alikaa dirishani. Pale Mwatate, joto lilipoanza, alivua sweta akaniuliza barua kutoka Taita hadi Uingereza ilichukua siku ngapi. Nikamwambia majuma mengi. Akahesabu kwa vidole. Akauliza tena kama wale watoto waliporudi waliwatambua mama zao. Mama yake, aliyekuwa amesinzia, au niliyedhani amesinzia, alifungua macho.

Hakuna aliyesema neno hadi Voi. Fomu bado iko kwenye droo ya kabati, haijajazwa. Siku ya mwisho ya kuirudisha ni Ijumaa.